Taa za Rehani wa Kiswere

Kwa miaka mingi, abiria aliyeshushwa na basi la Dar baada ya magharibi, pale njia panda ya kuingilia Kiswere, alianza kwa kuuliza, "Rehani yupo?" Akiambiwa yupo njiani, alikaa juu ya mzigo wake akasubiri, hata kama vijana wenye pikipiki mpya zaidi walikuwa wanamzonga na kumvuta begi. Barabara ya kwenda kijijini ni mchanga na makorongo katikati ya mikorosho, na mvua zikianza haikai kama ilivyokuwa jana. Mchana kila dereva anaiweza. Usiku ilikuwa barabara ya Rehani Abdulwahab.

Waliomjua zaidi ni wanawake. Mwanamke akishikwa na uchungu, Rehani alitoa kwanza upepo kidogo kwenye tairi la nyuma ili pikipiki yake isirushe, akakunja kanga kuukuu mara nne juu ya siti, kisha akampandisha mgonjwa katikati na shangazi au mama nyuma yake. Alikwenda gia ya pili njia nzima. "Huyu si gunia la korosho," alikuwa akiwaambia wenzake waliomcheka kwa mwendo wake. Kiswere kuna watoto kadhaa wanaoitwa Rehani, na hakuna hata mmoja aliye wake. Yeye alizaa binti mmoja tu, Samia.

Taa ilianza kumsumbua kidogokidogo. Mwanzoni alisema balbu imechoka. Jioni moja alipita juu ya gogo ambalo alidai halikuwapo, siku nyingine akaingia kwenye korongo analolifahamu kama ua wa nyumba yake. Akampelekea chombo Benedikto, fundi wa Mchinga, akamwambia, "Nitafutie moto. Naendesha na kibatari hapa."

Benedikto alimwekea balbu kali. Lakini taa za pikipiki yake zilipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, kwa hiyo akipunguza mafuta kwenye mchanga, taa nayo ilisinzia. Tena balbu ile ilitoa joto mpaka kioo cha plastiki kikapinda kama karatasi iliyoachwa juani. Rehani akarudi. Safari hii fundi alihamisha waya, akaipeleka taa kwenye betri, akafunga taa ya LED nyeupe, akaweka na kioo kipya. Njia panda ikashangaa. Madereva waliopishana naye walikuwa wakifunika macho kwa kiganja na kupiga kelele, "We mzee, zima hilo jua lako!"

Yeye hakucheka sana. Baada ya miezi michache alisema hata ile imefifia.

Hapo lazima nieleze kitu kuhusu kijiwe chao cha bodaboda. Wana mfuko, na mfuko una sheria moja inayojulikana na wote: chombo kikiumwa, wanachanga. Mtu akiua injini, akikosa tairi, akikatikiwa na mnyororo, wenzake hawamwachi. Ni jambo jema na sina ubishi nalo. Nimeona wanaume wazima wakinusurika kulala njaa kwa sababu ya mfuko ule. Lakini mwenye chombo akiumwa anaambiwa akapumzike. Hakuna aliyewahi kusimama pale akasema, mimi ndiye mbovu, nichangieni. Angeanza vipi? Na nani angempa abiria kesho yake? Tumewafundisha vijana wetu wote kuanzia Somanga mpaka Lindi kwamba mashine ni mali na mwili ni kitu cha kubebea mashine. Kwa hiyo Rehani aliposema taa yake haitoshi, alisema lugha ambayo kijiwe kinaisikia, na kijiwe kikamchangia taa nyingine.

Alikwenda kuinunua Lindi mjini, kwenye duka la vipuri la mzee Abdulhussein, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Abdulhussein alizitazama taa mbili za pembeni alizoziomba, zile zinazofungwa juu ya usukani, akamtazama na mteja wake.

"Bwana Rehani, wewe unaendesha bodaboda au unavua dagaa?"

"Usiku Kiswere kuna giza, mzee wangu."

"Giza lipo Kiswere tangu Mungu aumbe. Kwani vijana wa huko wanatumia taa gani?"

"Hizi za kawaida."

"Na wanafika?"

"Wanafika."

Mzee akaziingiza taa kwenye mfuko. "Basi chukua. Lakini hizi ndizo kubwa za mwisho nilizonazo. Baada ya hapa ukitaka zaidi usije kwangu, subiri asubuhi."

Rehani aliisimulia kauli hiyo kijiweni na watu wakaanguka kwa kicheko. Ridhiwani, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini. Na Ridhiwani huyohuyo ndiye aliyekuja kuuleta ukweli, bila kujua kwamba anauleta.

Ilikuwa jioni, magharibi imeshaadhiniwa. Pikipiki ya Ridhiwani ilikuwa na pancha na alitaka kurudi kijijini. Rehani alikuwa amechoka, kiganja kimevimba, akamwambia, "Endesha wewe, mimi nikae nyuma leo." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Rehani kukaa nyuma ya mtu kwenye barabara ile.

Walipoingia kwenye mikorosho Ridhiwani aliwasha taa zote, akapiga mluzi.

"Kaka Rehani, wewe ni mwizi! Unalalamika nini na mataa haya? Mimi hapa naona mpaka sisimizi wakisalimiana."

"Usinitanie."

"Wallahi tena. Nyumbani kwangu hata mchana sioni hivi."

Rehani alinyoosha shingo juu ya bega la kijana. Mbele yake palikuwa na duara la mchanga mweupe, dogo kama sinia, linalokimbia. Nje ya duara hapakuwa na kitu. Hapakuwa na giza hata, kwa sababu giza unaliona. Hapakuwa na kitu tu.

Ridhiwani alipunguza mwendo ghafla, akakwepa.

"Nini hicho?" aliuliza Rehani.

"Si mbuzi hao."

"Wapi?"

"Kaka, wapi tena? Tumewapita hapa ubavuni, kundi zima. Mmoja karibu akulambe goti." Ridhiwani akacheka. "Au umelala huko nyuma?"

"Nilisinzia," alisema Rehani.

Wakafika kijijini. Aliposhuka aliishika taa, ikamuunguza kiganja. Taa ilikuwa nzima.

Tangu siku ile alijua, na aliificha. Mchana alibeba abiria kama kawaida, kwa sababu mchana alichokitazama alikiona, hata herufi ndogo kwenye pakiti ya sigara. Jioni alizua sababu. Mara mgongo, mara betri, mara Mwahija, mkewe, anamwita. Abiria waliokuwa wakimsubiri wakaanza kupanda za wengine. Kijiweni walisema Rehani kazeeka, Rehani kapata fedha, Rehani anaogopa majini. Aliwaacha waseme. Mtu anayesingiziwa majini bado anahesabiwa kuwa dereva.

Kisha Samia akarudi nyumbani. Aliolewa Mtama, na mimba ya kwanza mtoto wa kike huja kujifungulia kwao, ndivyo ilivyo kwetu. Alikuja na tumbo kubwa na miguu iliyovimba, akamwambia mama yake mbele ya wageni, "Mimi sina wasiwasi. Waliobebwa na Baba wote wamefika." Wageni wakaitikia, ndiyo, wote wamefika. Rehani alikuwa mlangoni anavua viatu. Mwahija aliniambia baadaye kwamba mumewe alikaa na kiatu kimoja mkononi kwa muda mrefu, na yeye Mwahija akadhani anatafuta mwiba.

Uchungu ulimshika Samia alfajiri, kabla hakujaanza kupambazuka. Mwahija alimwamsha mumewe.

"Baba Samia, mtoto tayari. Amka."

Aliamka. Alitoka nje kwa kupapasa ukuta, akatoa upepo kwenye tairi la nyuma, akakunja kanga mara nne, akaiweka juu ya siti. Mikono yake ilijua kazi. Akawasha injini, akawasha taa zote, na ua mzima ukawa mweupe: minazi, kisima, kuku waliolala juu ya banda, na Samia akiegemea mlango huku ameshika kiuno. Mwahija alikuwa anamfunga kanga ya pili.

Rehani akabaki amesimama kando ya chombo.

"Twende, Baba," alisema Samia. "Uchungu mwingine unakuja."

"Mama Samia, mpigie Ridhiwani."

"Ridhiwani wa nini?" Mwahija aligeuka. "Chombo kina nini?"

"Chombo kizima."

"Mafuta?"

"Yapo."

"Sasa unanisumbua nini saa hizi? Mpandishe mtoto!"

"Mimi ndiye sioni," alisema Rehani.

Samia alicheka katikati ya maumivu. "Baba, usinitanie sasa hivi. Njoo bwana."

Hakuja. Alisema tena, polepole, kama anayemweleza mtu mgeni: "Sioni njia. Siku nyingi sasa. Taa hazina kosa. Nikikubeba nitakuua, mwanangu."

Mwahija alipiga simu. Ridhiwani hakuishi mbali, akaja na fulana aliyoivaa kinyume. Alitaka kuuliza, akautazama uso wa Rehani, akapanda. Rehani alimwelekeza kila kitu akiwa ameshika usukani asiuachie: gia ya pili, usikate kona ya msikitini, kwenye korongo teremsha miguu ukanyage chini. "Sawa, kaka. Sawa, kaka," alijibu Ridhiwani, na mara hii hakuwa na utani. Walipoondoka na Samia katikati na Mwahija nyuma, taa ile iliwamulikia mbele mpaka mbali. Majirani waliotoka wanasema waliiona ikipanda kilima cha mikorosho na kuteremka upande wa pili. Rehani hakuiona hata ikitoka uani. Aliisikiliza.

Samia alifika. Kituo cha afya waliona presha yake imepanda, wakampakia kwenye gari la wagonjwa mpaka Lindi, akafanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike. Namshukuru Mungu kwa hilo kama wote tulivyomshukuru.

Rehani alipokuja Lindi kumwona mjukuu, Mwahija alikuwa anamsubiri getini. Hakumpeleka wodini. Alimshika mkono. "Tumo humuhumu hospitali. Kwanza macho, halafu mtoto."

Daktari wa macho alikuwa dada mdogo kwa umri, akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Alimfunika jicho moja, akamwambia atazame pua yake tu na aseme akiona kidole kinachezacheza pembeni. Rehani aliitazama pua ya daktari kwa utii mkubwa. Ikapita muda.

"Naam, daktari, niko tayari," alisema. "Anza."

Mwahija, aliyekuwa akiviona vidole vikichezacheza tangu mwanzo, alijiziba mdomo kwa ukingo wa mtandio.

Vipimo vingine vilifuata, na vyote vilisema hivyohivyo. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, taratibu, haiumi, na kwa kuwa katikati panabaki, mtu hajui. Matone aliyompa yangelinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi.

"Na miwani?"

"Miwani haisaidii hili, baba."

Rehani aliona haya kidogo kuuliza, lakini akauliza. "Na taa kubwa zaidi?"

Daktari hakucheka. "Ungekuja miaka michache nyuma tungeokoa mengi."

"Miaka michache nyuma nilikuwa nabadilisha taa."

Akaambiwa asiendeshe tena. Alijitetea kwamba mchana anaona. Daktari alimjibu kwamba anaona mbele, ila mtoto akitokea pembeni hatamwona mpaka amgonge. Hapo akakubali. Alikuwa mtu wa kubeba watoto wa watu.

Naandika haya na damu inachemka. Taa zote zile zilipatikana: fundi alikuwapo, duka lilikuwapo, mfuko ulikuwapo, na kila mmoja alifanya kazi yake kwa moyo mweupe. Tulimzungukia mtu kwa upendo, tukamulika kila kitu isipokuwa yeye. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia, kaa chini tutazame macho yako. Nami natembea vijiweni sasa, Kiswere, Mchinga, mpaka Kilwa, nawaomba mifuko ile ihesabu na miili. Wananisikiliza kwa heshima. Wengine wananiuliza kama nagombea udiwani.

Wodini, Mwahija alimkalisha Rehani kwenye kiti, akamwekea mtoto mapajani. Rehani alimwinamia. Alimwona vizuri sana, kila kitu: kope, mdomo unaonyonya hewa, alama nyekundu kwenye paji la uso.

"Ana pua ya marehemu mama," alisema akitabasamu. Kisha akainua uso. "Samia yuko wapi? Wamempeleka wapi?"

Samia alikuwa amekaa kwenye kitanda, ubavuni kwake, karibu kiasi kwamba kanga yake ilimgusa baba yake kiwiko. Alimtazama mama yake. Mama yake akageukia dirishani.

"Nipo hapa, Baba," alisema Samia.

Rehani akageuza kichwa chote, taratibu, kama mtu anayegeuza usukani ili mwanga ufike kando, mpaka akampata.