Mvua ya Chumba cha Uani

Yule mama wa chumba cha uani, hapa kwetu Kariakoo, anafuga viwavi wa hariri. Kila jani la mforosadi analowalisha hulikausha kwa kanga, kisha hulipitisha shavuni. Likimkwaruza, limekomaa, analitupa. Viwavi wakila husikika kama mvua juu ya bati. Nimeshaanua nguo bure mara mbili. Jana nilimpelekea majani laini niliyoyachuma makaburini, sikumwambia. Akawatandazia. Viwavi wote wakainua vichwa, kimya.

“Umeyatoa wapi, mwanangu?”

Akayaokota moja moja, taratibu, akayafunga furushi, akanipa. “Yarudishe kwa wenyewe. Leo hii.”

Nikaona uvivu, nikalisukuma furushi chini ya kitanda. Asubuhi hii jua linawaka, nguo zimekauka kambani, na chini ya kitanda changu mvua inanyesha.