Kisu Alichonichagulia Mama

Wiki moja kabla ya harusi yangu, nilimpokea mama stendi akitokea Mungaa, tukaenda sokoni Singida Mjini kununua kisu cha jikoni. Njia nzima alinishika mkono, nikadhani ni huruma ya mzazi anayeoza binti.

Mimi nilivutiwa na visu vyenye mipini ya rangi. Mama alivishika mara moja tu. "Hivi ni bati. Ukikata kuku wa kienyeji vitapinda."

Akaomba vingine. Kila kisu alikigonga kwa ukucha akasikiliza mlio, kisha akapapasa mpini kuhakikisha chuma kimepita hadi mwisho na misumari haichezi. Muuzaji akachoka. "Mama, vyote ni vizuri."

"Basi nipe nyanya iliyoiva sana."

Akaikata taratibu, vipande vyembamba, bila kuiponda. Muuzaji mwenyewe akacheka.

"Tunachukua hiki," mama alisema, kisha akaninong'oneza, "Mpini wake una rangi gani, mwanangu?"

Kisu kilikuwa mkononi mwake, mchana kweupe. Ndipo nikajua macho yake yamefifia, na alinificha nisiolewe na majonzi.

"Mweusi, mama," nilimjibu.

Baada ya harusi nilimleta kwangu, akaishi nasi hadi alipofariki. Alasiri nilipopika, aliketi kwenye kigoda karibu yangu akinisimulia kwa Kinyaturu habari za utoto wake. Alasiri zile nazikumbuka mpaka leo.