Muuza samaki anayemtetea mchoraji asiye na jina

Saa moja asubuhi. Soko la samaki la mji wa Melaka limeshachangamka, lakini meza ya Yeo Kim Suan bado imefunikwa turubai. Mwenyewe yuko gatini, buti za mpira miguuni, anagombana na mvuvi.

"Sitaki wa kwenye barafu! Nataka anayepumua, umtie kwenye ndoo."

"Shangazi, siku hizi unafuga?"

"Leta huyo samaki, acha domo."

Pembeni amesimama Rohayu binti Jamil, mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho mjini. Amekumbatia nakala ya mchoro mmoja kati ya ile ya mimea na wanyama ambayo Wachina wa Melaka walimchorea ofisa Mwingereza miaka mia mbili iliyopita. Jina la ofisa limo kwenye kila karatasi. La mchoraji halimo hata kwenye moja.

Mwezi uliopita Rohayu alipeleka nakala sokoni apate majina ya samaki kwa ajili ya maonyesho ya michoro hiyo. Suan, mwenye miaka 58, amesimama nyuma ya meza yake miaka thelathini na mmoja. Siku njema humwachia ringiti themanini, na vidole vyake vimekufa ganzi kwa barafu. Aliishia darasa la sita, lakini aliwataja wote, tena kwa kejeli: "Huyu jicho limeshafifia. Mchoraji aliuziwa samaki aliyelala!"

Mzozo ulizuka kwa samaki mmoja, kerisi. Mezani kerisi ni mwekundu mpauko, basi. Mchoraji kamtia mistari ya samawati na manjano inayong'aa. Wataalamu wa jumba wakasema ametia chumvi, mchoro usitundikwe. Orodha ya michoro ya maonyesho inafungwa leo mchana.

Suan aliposikia, alikasirika hasa. "Wanamwita mwongo mtu asiyeweza kujitetea. Babu zangu walitoka kwa Wachina haohao. Ningenyamazaje?"

Ndoo inashushwa. Rohayu anainama. Samaki anajipigapiga, na ubavuni mwake imo mistari ya samawati na manjano, ileile ya karatasini. Mwandishi huyu amemla kerisi tangu utotoni na hakuwahi kuiona.

Rohayu anapiga picha na kuwatumia wataalamu. Suan anamtoa samaki majini. "Haya, hesabuni." Hatujafika mia tatu, rangi zimekwisha kutoweka.

"Kumbe mchoraji alikuwa hapa hapa," Rohayu anasema taratibu.

"Rangi hizi angezionea wapi, ofisini? Aliamka mapema, akalowa miguu, akasubiri nyavu. Huyo ni mtu wa kazi, mwanangu."

Saa sita simu ya Suan inalia. Ni Rohayu: kerisi atatundikwa. Suan anacheka, kisha anajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vimejaa magamba.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi, siku ya mauzo makubwa. Suan ameamua kufunga meza, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Na wateja?

"Watakula mayai. Miaka mia mbili mtu yule hana ndugu wa kusimama naye. Jumamosi nitasimama naye mimi."