Mlima Nyuma ya Ghorofa

Nikinusa saruji mbichi, hata leo, macho yangu yanautafuta mlima.

Bibi hakuwa akianika maharage kabla ya kuutazama. Ukivaa wingu kileleni, mvua inakuja, na maharage yakilowa yanaota. Kisha jirani akainua ghorofa la kupangisha upande uleule wa mlima. Zege la juu lilipomwagwa, mlima ukapotea uani kwetu.

Asubuhi iliyofuata bibi alisimama na turubai mkononi, akamwita fundi aliyekuwa juu.

“Mjukuu wangu, mlima ukoje?”

Fundi akageuka, akatazama.

“Shikamoo bibi! Upo palepale!”

Bibi aliitikia marahaba kwa sauti ndogo; habari ya wingu hakuambiwa. Jua lilikuwa linachoma. Akakunja turubai, nikaburuta gunia la maharage kurudi ndani, tukakaa mlangoni tukisikiliza kama bati litalia kwa mvua.