Maji ya Tanuri

Swali la nini kinaweza kushika nafasi ya maji nililiokota Muyeye, mtaa wa Malindi, kwenye karatasi iliyofungiwa bajia. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha sayansi, umeandikwa kwamba huenda kuna sayari za mbali ambako viumbe huishi kwa kimiminika kingine badala ya maji. Kipi hicho, sikupata kujua. Mafuta yalikuwa yameshaifuta sehemu ile. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nikisoma chochote kilichonifikia mkononi.

Mwaka wa ukame mkubwa, katikati ya miaka ya themanini, Malindi ilinichosha nikapanda hadi Ganze, nikajiunga na mchoma makaa mmoja. Alikuwa Mgiriama wa makamo, mke na watoto wake wakiishi mwendo wa saa moja kutoka porini tulipokata miti. Mahindi yao yalikauka yakiwa kimo cha goti. Makaa ndiyo yaliyobaki kati yao na njaa.

Tanuri la makaa ni rundo la magogo lililofunikwa kwa nyasi na udongo, linalofuka moshi siku nne, tano. Likipasuka na kuingiza hewa, magogo hushika moto, ukavuna jivu. Kwa hiyo haliachwi peke yake, na kando yake hukaa dumu la maji ya kukandia udongo wa kuzibia nyufa, na ya kuzimia makaa siku ya kufukua. Maji hayo hayanywewi. Nililishika dumu hilo mara moja tu.

"Weka chini, Mswahili. Hayo ni ya tanuri."

"Nami nina kiu."

"Tanuri likifa, watoto wanne wanalala na njaa. Wewe ukifa, nani atajua?" Akacheka, akanisogezea kibuyu chake cha mnazi, ile pombe ya utomvu wa minazi.

Nilikataa, nimelelewa katika nyumba ya swala tano. Yeye mnazi aliunywa tangu asubuhi, kwa mrija, kama sisi tunavyokunywa chai. Nikamsimulia habari ya ile karatasi.

"Wanajisumbua bure," akasema. "Cha badala ya maji tunacho. Mnazi unaletwa kwa baiskeli kutoka Kaloleni. Maji unaletewa na nani?"

Bwawa la karibu lilikuwa limebaki tope, na lililokuwa na maji lilikuwa mwendo wa nusu siku.

Siku ya pili ya tanuri letu la mwisho, akaanza kuharisha. Nadhani ni yale maji ya tope tuliyokunywa juzi yake. Tumbo langu lilinusurika. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama. Alinikataza nisimwite mkewe, kwani angemwondoa kwenye tanuri. Nikachukua madumu mawili matupu.

"Kaka, nakuomba, kunywa haya ya tanuri mpaka nirudi."

"Nenda. Mnazi upo."

"Mnazi unakukausha."

"Baba yangu ulimkausha mpaka akaota mvi. Nenda, bwana."

Nilipita karibu na nyumba yake na sikubisha hodi. Nilimtii. Bwawani foleni ilikuwa ndefu, na zamu yangu ilifika asubuhi ya pili.

Niliporudi, tanuri lilikuwa zima, moshi ukitoka taratibu, kila ufa umezibwa kwa udongo mbichi. Alikuwa amelala ubavu, matope yamekauka vidoleni. Kibuyu kilikuwa kitupu. Dumu lilikuwa na maji nusu.

Nilimwinua kichwa, nikammiminia. Akafungua macho, akatazama ni dumu gani nililoshika. Alipoona ni langu, akajaribu kumeza. Maji yakatoka pembeni mwa mdomo. Jua lilikuwa bado juu alipokata roho.

Mkewe alikuja na shemeji zake. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na maji?"

"Alikuwa nayo."

Akaligeukia lile dumu la tanuri, akalitazama lilivyobaki nusu. Alikuwa mke wa mchoma makaa.

Dumu langu moja lilimwosha. La pili, pamoja na lile la nusu, yalizima makaa siku ya kufukua. Makaa yalitoka mazuri, mazito, yakigongana yanalia kama chuma, na watoto walikuwa wakingoja unga.

Siku hiyo nyumbani kwake niliyakuta matanga yakiendelea, nikaketi na wanaume. Maji hayakuwapo. Shemeji mmoja akaniletea mnazi, bila utani, kama mgeni anavyokaribishwa. Nikaunywa wote. Kinywa kililowa kwa muda. Kisha kiu ikarudi, kubwa kuliko mwanzo, nikaketi nayo mpaka watu walipotawanyika.