Mfalme Kichwa Chini

Reale yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, kwa majivu na ndimu.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa na duka la kushona nguo za harusi Fordsburg, mtaa wa Johannesburg, na Jumapili moja nilikwenda kwenye soko la vitu vikuukuu kutafuta vifungo. Ndani ya kopo la vifungo vya shaba nikaona kipande cha fedha kilichopiga weusi. Upande mmoja uso wa mfalme mwenye pua ndefu na kidevu cha kujidai. Upande wa pili ngao yenye taji, na nguzo mbili, moja kushoto na moja kulia. Moyo ulinipiga paa. Bibi yangu kule Tanga alikuwa akiitaja pesa hiyo ingawa mwenyewe hakuwahi kuwa nayo: reale ya mzinga. Wazee wake waliziona zile nguzo wakaona mizinga, na jina likakaa. Wahispania waliipiga Meksiko kwa fedha iliyochimbwa hukohuko, ikazunguka dunia hadi ikafika pwani kwetu kununua pembe na karafuu. Na mimi nikaja kuikuta Johannesburg, kwenye kopo la vifungo.

Nikaifanyia kile ambacho binti yeyote aliyelelewa nyumbani kwetu angeifanyia. Nikaisugua. Kwetu fedha husuguliwa wiki ya Idi, bangili, mitali na kila kitu, mpaka ujione uso. Ikang'aa kama sufuria mpya. Mteja wangu mmoja alikuwa ameniambia habari za klabu ya wakusanyaji wa sarafu, wanaokutana Jumamosi moja kila mwezi kunywa chai na kuonyeshana hazina. Nikaenda na baibui langu jipya, nikaketi kati ya wastaafu wenye miwani, nikafungua leso kwa madaha. Meza nzima iliguna kana kwamba nimechinja paka wa mtu.

Mwenyekiti, mzee mpole, alinieleza polepole kwamba ule weusi ndio heshima ya sarafu, umri wake unaoonekana, na kwamba mtu akishausugua haurudi. Kisha akanionyesha sanduku la mbao mwishoni mwa meza. Humo walitupia sarafu zilizokwaruzwa, zilizopinda, zilizotobolewa. Sanduku la majeruhi, wenyewe waliliita hivyo. Reale yangu ikaenda kulala humo.

Mimi nina hasira za karibu, kila aliyewahi kunicheleweshea kitambaa anajua. Ningeweza kuondoka siku ile nisirudi tena. Lakini nilikuwa nimekwisha kumiminiwa chai, na kuacha chai ya mtu ni utovu wa adabu, basi nikajivuta karibu na sanduku nikawa napekua kwa kununa. Humo nikakuta reale nyingine tano au sita, na zote zilikuwa na tundu. Wanawake walizitoboa wakazivaa. Hilo halikunishangaza, nani hajui kwamba fedha huvaliwa? Kilichonishangaza ni mahali pa tundu. Pesa zile zilipigwa kwa namna kwamba ukisimamisha upande mmoja, upande wa pili unakuwa umepinduka. Kwa hiyo aliyetoboa alilazimika kuchagua. Tundu likiwa juu ya kichwa cha mfalme, mfalme anasimama. Tundu likiwa juu ya taji la ngao, mizinga inasimama wima na mfalme ananing'inia kichwa chini kama kuku anayepelekwa sokoni.

Nilicheka peke yangu pale mezani. Pesa waliyoiita ya mzinga waliivaa kwa upande wa mzinga, na huyo mfalme atajijua. Nikamuuliza mwenyekiti kama naweza kununua majeruhi wale. Akasema nichukue tu, hakuna anayewataka.

Hapo ndipo mkusanyo wangu ulipoanza. Wenzangu walitafuta reale zisizo na doa, mimi nilitafuta zilizotobolewa, na kati ya hizo, zile tu zenye mfalme kichwa chini. Sijui kila moja ilivaliwa wapi. Nyingine huenda zilivaliwa Manila au Lima, nani ajuaye. Mume wangu alinitania kila nikirudi nyumbani Mayfair na mpya.

"Watu wananunua vitu, wewe mwenzangu unanunua matundu."

"Na wewe ulioa fundi cherehani ukitarajia nini?" nikamjibu.

Hata hivyo nilikuwa na moja nzima, na ilikuwa ndiyo fahari yangu. Mteja alinipa badala ya malipo ya gauni la binti yake: sarafu moja ya thamani ya reale nane, ya zamani zaidi, isiyo na uso wa mfalme, ila mizinga miwili na katikati yake dunia mbili zimepandana juu ya maji. Haikuwa na tundu wala mkwaruzo, na ilikuwa na weusi mtulivu wa kahawa. Safari hii sikuthubutu hata kuipangusa. Katika klabu alikuwako mhandisi mmoja mstaafu wa migodi aliyeipenda reale ile kuliko nilivyoipenda mimi. Kila tulipokutana alinibembeleza nimwachie, na kila mara nilimkatalia kwa tabasamu. Sitasema uongo, nilipenda sana kumkatalia.

Sasa tufike mwaka 2018, wiki chache kabla ya maonyesho makubwa ya klabu. Mchana mmoja nilikwenda kwa sonara wangu, Mkongo wa Lubumbashi mwenye karakana juu ya duka la vitambaa Fordsburg, kuchukua vifungo vya joho la bwana harusi. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu yetu, naye amekaa dirishani akisubiri mwanga wa taa yake. Mbele yake, juu ya kitambaa, palikuwa na sarafu ya dhahabu iliyozidi kidogo tu ukucha wangu wa dole gumba. Nikaiokota bila kuomba. Mfalme yuleyule wa pua ndefu. Sarafu ya eskudo mbili, dhahabu ya Wahispania iliyopigwa Lima. Na juu ya taji la ngao, tundu.

Katika miaka yangu yote ya kupekua sikuwahi kuona ya dhahabu iliyotobolewa hivyo.

"Fundi, hii ya nani?"

"Ya ule muzee wa klabu yenu, ule wa mines," akasema. "Anataka nifunge kale katundu. Moto wa umeme ukirudi, minafunga. Kesho utaangalia, hautajua kama kulikuwa kitu."

Alikuwa amekwisha kukata kijiti cha dhahabu cha kuzibia. Nilihisi damu inanipanda kichwani. Kila kitu kwenye sarafu ile kilifanywa kwa amri ya mfalme: uso wake, ngao yake, taji lake. Tundu peke yake lilikuwa la mvaaji. Mwanamke fulani aliishika dhahabu ile, akaigeuza huku na huku, akaamua. Likizibwa, hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwako.

"Usiifunge."

"Eish, Mama! Hii ni kazi ya mutu. Ukiwa na neno, sema naye, mimi usinitie matatani."

"Basi mpigie simu. Sitoki hapa."

Nikakalia kigoda chake cha wateja na mkoba wangu mapajani. Alinitazama, akaona hakuna masihara, akapiga.

Mhandisi alifika akihema kwa ngazi. Alinieleza, kwa Kiingereza chake cha upole, kwamba safu yake ya sarafu za dhahabu inahitaji kipande hicho, na kwamba sarafu yenye tundu haiwezi kukaa kwenye safu. Sikubishana naye. Nilitoa uzi mweusi mkobani, nikaupitisha kwenye tundu, nikampa ashike. Sarafu ikazunguka mbele ya dirisha: ngao imesimama, mfalme kichwa chini, ngao, mfalme. Aliitazama muda mrefu, halafu akacheka.

"Masikini, alikuwa mfalme," akasema.

"Hakuwa wetu."

Alicheka tena, lakini alirudi palepale. Anaielewa hamu yangu, akasema, ila naye ana safu yake, na sarafu ni yake. Na hapo alikuwa na haki, ndilo lililoniuma. Umeme ukarudi. Taa ya sonara ikawaka, naye akaangalia chini kama mtu aliyekuta wageni wakigombana nyumbani kwake.

"Nitakupa reale yangu nzima," nikasema.

Mhandisi alishika ukingo wa meza. Aliniuliza kama nina hakika, na sikuwa nayo. Niliipenda reale ile. Kuna asubuhi niliifungua kabla ya kufungua duka, niione tu, na sasa ilikuwa kana kwamba namtoa mtoto kulelewa kwa watu. Sonara alininong'oneza kwa Kiswahili, ili mzee asielewe:

"Mama, fikiri kwanza. Ile yako ni muzuri kupita hii."

"Najua," nikamwambia. "Wewe nifungashie vifungo vyangu."

Tulibadilishana kesho yake, palepale karakanani. Mhandisi aliondoka amefumba mkono, anatabasamu kama mtu aliyempata mjinga wake, na mimi nilitabasamu vilevile. Sijawahi kuona biashara iliyomfurahisha kila mtu namna ile.

Kwenye maonyesho sikulaza sarafu zangu kama wenzangu. Mimi ni fundi cherehani. Nilitandaza mahameli nyeusi ndani ya kabati la kioo nililopewa, nikazitungika kila moja kwa uzi wake, wafalme wote vichwa chini, na kila mtu alipopita zilitikisika kidogo. Watu walijaa. Wasomali wa mtaani kwetu walikuja na mama zao, mabibi wa Kizungu waliinamisha shingo wamtazame mfalme vizuri, na mwenyekiti alisimama mlangoni akiwaeleza wageni habari za majeruhi wake kana kwamba ni yeye aliyewalea. Jioni kura za wageni zilipohesabiwa, kabati langu lilikuwa la kwanza. Nilipiga kigelegele mle ukumbini. Sidhani kama ukumbi ule uliwahi kusikia kingine.

Jaji aliyekuwa akikagua makabati kwa kanuni za maonyesho, mama wa makamo kutoka Pretoria, alinijia na kioo chake cha kukuzia. Kadi yangu ya maelezo ilitaja dhahabu ya Lima, akasema, lakini kabatini hakuiona, na kanuni inataka kila kilichoandikwa kiwemo. Nikasogeza mtandio wangu kidogo. Eskudo ilikuwa kooni pangu, kwenye mkufu mwembamba, ngao mbele na mfalme kichwa chini akinigusa ngozi.

Aliinua kioo, akakishusha, akaitazama kadi tena. Nikamwambia asogee karibu atazame anavyotaka, ila asiniombe niivue.