Swichi Moja Siku ya Mnada

Nikikumbuka mnada ule wa Katesh, damu inanichemka mpaka leo.

Nilikuwa fundi wa programu katika ofisi ndogo ya kutoa vibali vya kusafirisha ng'ombe. Bila kibali, mnunuzi hamgusi ng'ombe wako. Vibali, chanjo, matangazo, hata picha ya mlima ya ukurasa wa mbele, vyote vilikaa kwenye programu moja ya wavuti. Ukitaka kurekebisha kimoja, unazima vyote. Ni kama nyumba yenye swichi moja: unabadilisha taa ya stoo, jikoni nako giza.

Mkubwa wangu alikaa Babati. Katesh alikuja siku ya mnada tu, kwa sababu ya nyama choma. Na akishafika, ndipo anapofanya marekebisho! Jamani, siku ambayo wafugaji wamejaa dirishani! Nilishamwomba tuigawe programu iwe moduli, kila moja izimwe na kuwashwa peke yake huku nyingine zikiendelea. Alicheka.

"Binti, acha makuu."

Siku ya mnada ule mama mmoja alikuja kwa miguu kutoka Getanuwas na dume lake la ng'ombe. Mwanawe alivunjika mguu, akapewa rufaa ya haraka kwenda hospitali kubwa, na pesa ya dume lile ndiyo ingempeleka. Nimeanza tu kuandika kibali chake, mkubwa akazima seva. Eti anabadilisha picha ya mlima! Seva yetu chakavu ikasuasua mpaka jioni, malori ya wanunuzi yakaondoka. Mama akashika kamba.

"Basi, mwanangu. Nitarudi mnada ujao."

Na mimi nikanyamaza. Nilishampa mkubwa shikamoo asubuhi, nikaona nitamfokeaje mchana? Adabu gani ile, ya kipumbavu kabisa! Hasira zangu nikazimalizia kwenye programu. Nikaigawa kipande kwa kipande, sikumuuliza mtu.

Mnada uliofuata mkubwa akaja, akabadilisha picha tena. Vibali vikaendelea kutoka kama kawaida. Akajisifu kwamba mfumo wake sasa umeiva.

Yule mama alifika na dume lake. Nikampa shikamoo, na kabla hajaketi kibali kilikuwa tayari.

"Mtoto anaendeleaje, mama?"

"Mguu walishaukata, mwanangu. Hili dume sasa ni la mguu wa bandia."

Nyuma yangu mkubwa, mafuta ya nyama mdomoni, akauliza kama picha mpya imependeza.

Nikamgeukia mbele ya watu wote.

"Muulize huyu mama."